Na Wengineo

Mkonge una chumba kizima,
mashine yake imezungushiwa kamba nyekundu, usiguse.
Mjerumani ana ukuta, na kofia, na darubini.
Reli ina kipande cha reli.
Sisi tuna kona, jirani na mtungi wa kuzimia moto,
chini ya ubao: Wasambaa, Wabondei, Wadigo, na wengineo.

Mimi ni wengineo.
Nafika na ndoo saa kumi na mbili na nusu,
mnara wa saa wa Tanga ukiwa bado haujaamua ni saa ngapi.
Namfuta Mjerumani. Nafuta alama za pua
za watoto wa shule waliobanana kwenye kioo
wakitafuta cha kunakili kwenye daftari.
Chumvi ya bandarini inakula misumari ya jumba hili,
hata fremu za magavana zinatoa machozi ya kutu.

Kona yetu naiacha mwisho.

Kuna kibuyu.
Kilipasuka ubavuni, kikashonwa kwa ukindu,
mishono saba, wa tano umekwenda upande.
Kadi yasema: Kibuyu. Pwani ya Kaskazini.
Matumizi hayajulikani.

Hayajulikani na nani?

Kule Bwiti bibi yangu alikuwa nacho cha namna hii.
Alitia mtama wa mbegu na jivu la kuzuia fukusi,
akaziba kwa gunzi, akakitundika juu ya moshi.
Njaa ikaingia, ikakaa, ikavua viatu,
kibuyu hakikushushwa.
Babu akipayuka, bibi alikitikisa mara moja tu,
na babu akakumbuka ana shamba la kulima.

Jumatatu akaja mhifadhi Semkiwa.
Mtu mwema, husalimia hata ndoo.
"Wageni wa wizara wanakuja Ijumaa.
Nasikia wewe ni Mdaiso. Kwa kwenu hiki chaitwaje?
Kwenye kadi ipo nafasi ya neno moja."

Nikafungua mdomo, kikatoka Kiswahili.
Neno lilikuwamo, nililisikia likikwaruza
kama panya darini,
nikapanda nalo, likahamia pembe nyingine.
Nikasema: kesho, mzee.

Nikampigia shangazi Mwanatumu.
Alicheka mpaka nikaogopa salio.
"Neno moja? Kikiwa na mbegu kina jina lake.
Kikiwa kitupu kina jina jingine.
Hicho chenu kina nini ndani?"

Hakina kitu, shangazi.

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na mtu akipasua kuni.
"Basi hilo jina hatulitaji ndani ya nyumba ya watu."

*

Funguo za makabati ninazo mimi, za kufutia vumbi.
Alhamisi nilipita Ngamiani sokoni,
nikanunua mtama wa mia tano,
muuzaji akauliza, uji? Nikasema, mgonjwa.
Jivu nilichukua kwa mama muuza mihogo.
Gunzi lilinisumbua, nilizunguka nalo nusu mji.

Najua sheria: kitu cha taifa hakiguswi.
Lakini mkono wangu ulikuwa unamgusa bibi,
na taifa lilikuwa limelala.

Ijumaa wageni walikaa sana kwa mkonge.
Kwa Mjerumani walipiga picha.
Kwetu walisimama muda wa kupiga chafya,
mmoja akasoma kwa sauti "na wengineo"
kama mtu anayehesabu chenji.

Semkiwa bado anangoja neno.
Ninalo, nyuma ya risiti ya luku, kwa mwandiko wangu,
na kila nikitaka kumpa
naiona kadi ile, nyembamba kama ukucha.
Labda Jumatatu. Labda nimwombe kwanza
afute lile "hayajulikani", kisha tuzungumze.

Leo asubuhi wakati wa kufuta
kiwiko changu kiligonga kabati,
kidogo, bahati mbaya.

Kikajibu.

Na Semkiwa, kule kwa Mjerumani,
akageuza shingo: "Nani huyo?"